Bado Hujarudi kutoka Maji ya Chai

Nilipokuwa mzima sikupenda kusikiliza habari za wagonjwa. Mtu akianza kunieleza mgongo wake, nilitafuta kisingizio cha kuondoka. Sasa zamu ni yangu, na anayetaka kuondoka aondoke, sitamkasirikia. Naandika kwa ajili ya yule ambaye jioni ikiingia mwili wake unaanza kuwaka, asubuhi anaamka kama hakuugua, na watu wa nyumbani wameanza kumtazama kama mtu anayekwepa kazi. Huyo abaki. Sina dawa ya kumpa wala sijui mambo ya madaktari. Ninachojua ni jinsi njia yenyewe ilivyokuwa.

Kazi yangu ni kupima kahawa katika ghala la chama pale Tengeru. Nimezoea kusubiri mshale wa mizani utulie kabla ya kusema neno, na mke wangu, Eliamani, husema hata nyumbani niko hivyo hivyo. Kwa hiyo mahali fulani nikionekana nauzungumzia mwili wangu kana kwamba ni gunia la mtu mwingine, nivumiliwe. Ndivyo nilivyo, na ugonjwa haukunibadilisha sana.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tunakimbia. Hatukuwa na mwenyekiti wala kombe, na hakuna aliyetutuma. Tulikuwa watu wachache tu tuliogundua kwamba tunapenda jambo moja ambalo majirani zetu waliliona la ajabu. "Mtu mzima anakimbia na hafukuzwi na kitu," alisema baba mkwe wangu, na kusema kweli sikuwahi kupata jibu zuri la kumpa. Tulianzia kwenye jiwe la maili pale Tengeru, tukafuata barabara ya Moshi mpaka daraja la Maji ya Chai, tukaligusa, tukarudi.

Wawili kati ya wenzangu lazima niwataje. Wa kwanza ni Lomayani, Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima, kibarua wa Idara ya Barabara. Siku sita alichimba mitaro ya barabara ile ile, siku ya saba akaja kuikimbia, na alitushinda karibu kila mara. Wa pili ni Yusufu, mtu wa Kondoa, fundi cherehani mjini Arusha. Ndiye aliyetushonea bukta za marikani. Alikuwa mfupi, mnene kidogo kwa mkimbiaji, na mdomo wake ulikimbia kuliko miguu.

Desturi yetu ilitoka kwa huyu Yusufu. Tukishamaliza tulikaa chini pale kwenye jiwe, na kila mmoja akasimulia mbio zake toka mwanzo hadi mwisho: alianzaje, alichoka wapi, nani alimpita, alijisemea nini moyoni. Aliyefika wa mwisho ndiye aliyeanza. Mshindi alisimulia mwisho kabisa, wakati watu wameshaanza kutazama jua. Na mtu akisimulia, hakatizwi. Yusufu alitunga sheria hiyo kwa faida yake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho siku zote, lakini ilitufaa wote. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya chama cha kahawa na sijaona mahali pengine ambapo aliyeshindwa anasikilizwa kwanza.

Baada ya masimulizi Lomayani alifungua kibuyu. Mama yake, ambaye sote tulimwita Yeyo kama mwanawe alivyomwita, alitukamulia maziwa asubuhi hiyo na Lomayani akayabeba kutoka ng'ambo ya mji. Kibuyu kilikuwa kimefukizwa kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yalikuwa na harufu ya moshi. Yusufu aliyanusa akasema yanamkumbusha nyumba iliyoungua, akaomba chai. Mimi niliyapenda mno. Nilikunywa ya kwangu na ya Yusufu.

Homa ilinishika masika yale, katikati ya mbio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa tope. Nililigusa daraja la Maji ya Chai nikiwa wa tatu, na nikageuka. Hatua chache tu, nyonga yangu ya kulia ikakataa. Sikuteguka. Ilikataa tu, kama punda. Nilikaa kando ya daraja nikayatazama yale maji ya rangi ya chai yakipita, na huku jua likiwa bado kali nilikuwa natetemeka. Nilirudi nyumbani kwa basi, nikiwa nimekaa juu ya matenga ya kuku ya mama mmoja ambaye hakulalamika hata kidogo.

Kipindi cha kwanza nakiita kipindi cha kwinini. Kila homa siku hizo ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Benchi la zahanati lilikuwa limelainishwa na makalio ya watu wa miaka mingi, na nililifahamu vizuri kuliko kiti cha nyumbani kwangu. Ukifika unaamkia wazee wote, shikamoo kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, halafu unasubiri. Siku moja baridi ilinikamata pale pale, meno yakagongana, nami sikuwa na koti. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akafungua kanga yake ya juu, akanitupia bila kunitazama, akaendelea kuzungumza na jirani yake. Alipoitwa ndani alisema, "Kaa nayo, nitaichukua nikitoka." Sikumjua jina. Namkumbuka kuliko wengi niliowajua.

Dawa ile ilinifanya masikio yalie na kila chakula kiwe kichungu. Homa ikaondoka. Wenzangu wakaja kunitazama, Lomayani akaleta kibuyu, nikanywa. Kabla ya mwezi kuisha, homa ikarudi. Nikanywa tena kwinini, ikaondoka, nikatembelewa, ikarudi. Anayesoma hapa ameshaona kilichokuwa kinatokea, kwa sababu nimempangia mambo kwa mstari. Mimi sikuwa nimepangiwa.

Jasho la usiku lilikuwa na harufu ya majani yaliyolowa yakafunikwa. Eliamani alianika mashuka kila asubuhi, na majirani wakayaona na kuhesabu. Nyama ziliniishia. Siku moja ghalani, wenzangu walipokwenda kula, nilipanda mwenyewe juu ya mizani ya kahawa. Nilikuwa mwepesi kuliko gunia. Nilishuka, nikarudisha jiwe la mizani mahali pake, sikumwambia mtu. Halafu nikavimba mahali ambapo mwanamume hapataji. Nalisema hapa kwa sababu mwenye ugonjwa huu huenda likampata, naye akadhani ni lake peke yake, akakaa nalo kwa aibu mpaka liwe baya. Ni ugonjwa ule ule. Lioneshe kwa daktari.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Kahawa iliiva kipupwe kile na Eliamani aliichuma peke yake, mikono ikapasuka kwa baridi. Baba mkwe alikuja akakaa sebuleni, akasema mbele yangu kana kwamba sipo, "Nilisema mbio zile zitamkausha. Mwili una mafuta yake, akiyamwaga barabarani atapata wapi mengine?" Kisha akamwambia binti yake kwamba mume asiyeweza kubeba debe la kahawa ni mgeni ndani ya nyumba. Eliamani alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Baba, mimi sikuolewa na miguu," alisema. "Karibu chakula."

Baba mkwe alikula. Sikuwahi kumpenda mke wangu kama siku ile, na sikumwambia mpaka mwaka uliofuata.

Sasa nieleze jambo lililonishikilia. Wenzangu hawakuacha kuja. Jumapili wakishamaliza kukimbia walipanda mpaka kwangu, wakakaa kuzunguka kitanda na matope yao miguuni, wakaanza kusimulia mbio kama kawaida. Mara ya kwanza Yusufu alisafisha koo aanze, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika wa mwisho. Lomayani akamzuia.

"Wewe si wa mwisho," alimwambia, akinionesha kwa kidole. "Anaeli bado hajarudi kutoka Maji ya Chai. Aligusa daraja, akageuka, na hajafika kwenye jiwe. Yuko njiani."

"Njiani wapi? Si huyu hapa kalala!"

"Yuko njiani. Aanze yeye."

Nikaanza. Sikujua niseme nini, basi nikasimulia homa kama tulivyosimulia mbio: ilianzia wapi, ilinipita wapi, nilijisemea nini. Nilieleza baridi inayoanzia mgongoni saa jua linaposhuka, nyonga inayouma kama imetiwa mchanga, jasho la alfajiri, na ile furaha ya kijinga ya kuamka asubuhi ukadhani imekwisha. Hakuna aliyenikatiza. Lomayani alisikiliza kwa namna ya pekee, kichwa kimeinama, na aliniuliza nirudie habari ya nyonga. Tangu siku hiyo kila Jumapili mimi ndiye niliyeanza. Na kila Jumapili, tulipomaliza, kibuyu kilifunguliwa.

Kuna ng'ombe mmoja wa Yeyo, mweusi, anayeitwa Narok. Alikuwa ametupa mimba mwaka uliotangulia, watu wakasema achinjwe, Yeyo akakataa, na ng'ombe akashika mimba tena akazaa vizuri. Kwa hiyo Yeyo aliamua kwamba maziwa ya Narok ndiyo yanayomfaa mtu aliyeanguka, kwa kuwa ng'ombe huyo alianguka akainuka. Nilitengewa hayo. Lomayani aliyabeba kutoka ng'ambo ya mji mzima kwa miguu, na hakuruhusu mwingine ayaonje.

Mwisho wa kipupwe nilipelekwa hospitali mjini, wodi ya Waafrika, ile ya nyuma. Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka, akasema damu yangu itapelekwa mbali kupimwa. Kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko maumivu. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee kutoka Oldonyo Sambu ambaye kila asubuhi aliniuliza, "Damu yako imeshafika?" kana kwamba ni mtu aliyesafiri kwa gari moshi. Majibu yalipokuja, daktari alitaja jina refu nisilolishika. Dresa, yaani msaidizi wake, akalifupisha: homa ya maziwa. Kisha akaniuliza nakunywa maziwa mabichi ya nani.

Nilisubiri mshale utulie. Nilipomwelewa, nilimwambia.

"Usinywe tena," alisema. "Hata tone. Tutakuchoma sindano, utapona. Ukiyanywa tena, utarudi hapa, na safari hiyo nyonga hiyo utaisahau."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hili: nikitaka miguu yangu, nikatae kibuyu cha Lomayani. Kwa asiyewajua Waarusha, au asiyejua kukaa kitandani mwezi baada ya mwezi huku mtu mmoja akikubebea kitu kila wiki, litaonekana jambo dogo.

Nilimwambia Jumapili hiyo hiyo, kwenye veranda ya hospitali. Nilisema wazi, bila kuzunguka. Alikuwa amekishika kibuyu kwapani.

"Unasema nilikuwa nakulisha sumu," alisema.

"Nasema maziwa yana ugonjwa. Hukujua, sikujua. Yakichemshwa ugonjwa unakufa."

"Kwetu maziwa hayawekwi motoni. Ukichemsha maziwa ya ng'ombe, kiwele chake kinaungua. Yanakatika. Unataka Yeyo amuue Narok kwa ajili ya maneno ya dresa?"

"Nataka kutembea, Lomayani."

Aliinuka, akakitia kibuyu begani, akaenda zake. Nilimsikiliza akishuka ngazi. Niliumia, na nasema hivyo kwa sababu katika kurasa hizi sijasema sana.

Kipindi cha pili kilikuwa cha sindano. Kila siku nesi alikuja na trei yake, ukageuka upande uliobaki na nafasi, na mwishowe hapakuwa na upande wenye nafasi. Dawa ile ilinitia mlio masikioni, kama mashine ya kukoboa kahawa inayosikika kutoka bonde la pili, na ilinipotezea mizani. Nikisimama ukuta ulisogea. Mimi, mpima kahawa, sikuweza kusimama wima. Yule mzee wa Oldonyo Sambu alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye, na ilinisaidia kuliko pole za watu.

Lakini homa za jioni zilikoma. Jioni ya kwanza nilidhani imechelewa tu, nikakaa nikiisubiri kama mgeni. Haikuja. Vuli ilipoanza nilirudi nyumbani nikiegemea mti wa kuanikia kahawa, nikajifunza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mgomba wa kwanza, kisha wa pili.

Yusufu alikuja kila Jumapili na habari. Wenzangu walikimbia. Lomayani hakuonekana. Mara ya kwanza Yusufu alisema labda ana kazi. Mara iliyofuata alisema labda ameoa. Baada ya hapo akaacha kubuni.

"Nenda wewe kwake," aliniambia.

"Siwezi kufika hata kanisani."

"Basi maliza mbio. Ukimaliza mbio, nani atakataa kuja kukusikia? Nitampelekea neno."

Niliona ni upuuzi wa fundi cherehani. Wiki ile yote sikuweza kufikiria kitu kingine.

Kiangazi kilipokausha barabara, Jumapili moja nilipanda basi mpaka Maji ya Chai. Eliamani alinifunga nyonga kwa kitambaa, akaniambia nisijaribu kuwa mwanamume njiani, nikichoka nikae. Yusufu alikuja nami. Nililigusa daraja mahali pale pale nilipokaa masika, tukageuka.

Sitasimulia hatua zote, ingawa kwa sheria yetu nina haki. Nilitembea, sikukimbia. Nilikaa mara nyingi kuliko nilivyopanga. Watoto wa kijiji cha Usa walitufuata wakiuliza tumepoteza nini. Yusufu alizungumza njia nzima: bei ya nyuzi, Mhindi aliyemkodishia chumba, wanawake wa Kondoa, na alipoona nimenyamaza sana alizungumza kwa sauti zaidi. Kilima cha mwisho kabla ya Tengeru nilikipanda nikimshika bega. Nilikuwa na hofu, si ya nyonga. Niliogopa kufika kwenye jiwe nikute hakuna mtu.

Kwanza niliona moshi.

Pale kwenye jiwe la maili palikuwa na mafiga, moto, na sufuria ya bati. Wenzetu walikuwa wamekaa majanini. Lomayani alikuwa amesimama kando, amevaa bukta yake. Na mbele ya moto alikaa mwanamke mzee mwenye ushanga shingoni na shuka mabegani, akikoroga. Nilimjua kwa jinsi alivyofanana na mwanawe.

"Takwenya, Yeyo," nilimwamkia kwa lugha yao.

"Iko," aliitikia, wala hakuondoa macho kwenye sufuria. Maziwa yalikuwa yanapanda. Aliyaangalia kwa chuki kidogo, yakapanda mpaka ukingoni, akayaepua, akayarudisha tena yapande mara ya pili.

Nilimwuliza Lomayani kwa macho. Alikuna shingo.

"Amesema nyumbani hawezi," alisema. "Narok atasikia harufu. Lakini huku ni upande mwingine wa mlima. Huku Narok haoni."

Yusufu alifungua mdomo aseme neno, nikamkanyaga mguu.

Yeyo alinimiminia kikombe. Hayakuwa na moshi wa kibuyu. Yalikuwa na ladha ya bati na utando juu. Niliyanywa yote. Kisha akajimiminia na yeye, akapuliza, akanywa taratibu akiwa amekunja uso, na hapo ndipo nilipoiona fimbo iliyolala pembeni yake, na jinsi alivyoukunja mguu wa kulia, kama mtu ambaye nyonga yake imetiwa mchanga.

"Tangu lini?" nilimwuliza Lomayani.

"Tangu kabla yako. Alisema ni uzee." Alitazama chini. "Uliposimulia kule kitandani nilimsikia Yeyo katika maneno yako. Kila Jumapili nilimsikia. Pale hospitali nilikasirika kwa sababu niliogopa. Sasa anachomwa sindano. Nilikuwa nampeleka, ndiyo maana sikuja."

Nilimshika mkono, halafu nikakaa chini majanini mahali pangu pa zamani na kunyoosha mguu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu toka darajani. Nilikuwa nimetoka masika na sasa ni kiangazi, na hatimaye nimefika kwenye jiwe, na kwa kuwa nimefika wa mwisho ni juu yangu kuanza. Nilisafisha koo.

"Hapana," alisema Lomayani. "Wewe umesharudi. Kuna aliye nyuma yako."

Akamwambia mama yake kwa Kimaa. Yule mzee akaniangalia, akatuangalia sote, wanaume wenye bukta waliokaa wakimsubiri, akauliza jambo.

"Anauliza, ni kweli anayesimulia hakatizwi?"

"Ni kweli," nilisema.

Akaweka kikombe chini, akaweka mkono juu ya nyonga, akaanza. Lomayani alitafsiri polepole, na Yusufu, ambaye sijapata kumwona akinyamaza, alinyamaza mpaka Yeyo alipomaliza.